Usije Kukaa katika Nyumba ya Mama Ngalula

Mama,

Nakusalimu kutoka Kolwezi. Mguu wako vipi, ule unaovimba mvua ikikaribia? Mihogo yako imekauka, au mvua imeiozesha tena? Huku mke wangu na watoto hawajambo, wanakula, ingawa ni mara moja kwa siku. Mimi ni mzima wa mwili tu. Mengine utayasikia.

Kwanza nasema na wewe, Tata Katekista, unayemsomea mama barua zangu. Watoe watu nje, funga mlango, na usiruke neno. Dada aliniambia kuwa mara ya mwisho ulipunguza ukali wangu. Leo soma kama nilivyoandika.

Mama, mtu wa treni amenieleza kuwa mdogo wangu Kapenda amekutumia habari. Eti amepata nyumba kubwa hapa kambi ya wafanyakazi wa mgodi, yenye veranda, na amekupakia chumba rangi, uje ukae ulelewe. Nasikia umeanza kugawa kuku zako. Acha kugawa kuku. Nyumba njema si mlango, na huo mlango najua ulivyofunguliwa.

Nyumba hiyo umeshalala ndani yake. Ni ya Tata Mukendi, jirani yangu, ng'ambo ya bustani. Ulipokuja kupasuliwa tumbo, mke wangu alikuwa amejifungua juzi yake, hakuweza kukuinua. Aliyekuchukua ni Mama Ngalula, mke wa Mukendi. Alikuosha mwili majuma matatu, akakupikia bukari ya unga laini kama ya mtoto, na wewe ukawa unamwita binti yangu. Kapenda mwenyewe, kabla ya kuoa na kupata kijumba chake kando ya bustani hiyo, alikuwa akila pale karibu kila Jumapili.

Bustani unaikumbuka, ulikuwa unaota jua pale. Zamani palikuwa uwanja wa takataka katikati ya nyumba zetu, mpaka Mukendi alipotugongea milango tukaunda komite. Hakuna aliyetulipa. Kila nyumba ilitoa fedha ya jembe au panga, tukajenga depo ndogo ya matofali ya kuwekea vyombo hivyo, na mipini yote tukaipaka rangi ya kijani ili mwizi ajulikane. Mukendi alikuwa prezida, mimi sekretere, mwenye daftari na funguo ya depo. Kila Jumamosi nyumba moja ilikuwa na zamu ya kufyeka na kumwagilia. Tuligombana sana, mama. Tuligombana juu ya bata wa watu, juu ya nguo zilizoanikwa kwenye uzio wa maua, juu ya nani kakata ndimu mbichi. Mukendi alikuwa msumbufu kweli. Siku moja alinikaripia mbele ya wote kwa sababu nilisahau kuandika jina la aliyevunja reki, na mimi nilimwekea kinyongo kwa ajili ya reki hiyo.

Halafu mgodi ukaporomoka. Kazi zikasimama, mishahara ikawa hadithi, na watu wakaanza kuyatazama maua kwa macho ya njaa. Kapenda akaja kwenye mkutano na vijana wenzake kudai bustani igawanywe mashamba ya mihogo, lakini wapewe wenye nchi tu. Kila mtu alijua maana yake: watu wa asili ya Kasai, kama Mukendi, wasipewe. Mukendi alisimama.

"Jardin haiko ya Mukendi, haiko ya Kapenda," alisema, akionyesha bustani. "Iko ya manyumba yote yenye kuizunguka. Tupande muhogo, ndiyo, lakini kila nyumba ipate."

"Udongo iko na benyewe," Kapenda akajibu. "Weye mugeni njo utatupimia udongo yetu?"

"Mugeni? Miye nilizaliwa hapa, mu hopitali yenye batoto yako balizaliwa!"

Tulipiga kura kwa mikono. Kapenda alishindwa, na wengi waliomshinda walikuwa watu wa kwetu. Alitema mate juu ya meza yangu akatoka. Mimi nilipangusa mate, nikaandika matokeo, nikadhani yamekwisha.

Baadaye wakubwa walipita wakihutubia viwanjani. Walisema wageni ndio waliokula nchi. Vijana wakaanza kuwaita jirani zetu bilulu, yaani wadudu, na kuimba kwamba wadudu warudi kwao. Ukuta wa Mukendi ukaandikwa kwa makaa. Mama Ngalula aliufuta kwa maji ya sabuni, na kesho yake ukaandikwa tena.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye aibu yangu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kapenda alikuja mlangoni kwangu, na nyuma yake walisimama vijana sijui wangapi, wote wamefunga vitambaa kichwani.

"Yaya," aliniita, kama mdogo anavyomwita kaka yake, "leta funguo ya depo. Leo ni tur yangu ya kukata majani."

Nilifungua daftari. Kweli, zamu ilikuwa yake.

"Na hawa wote banakuja kukata majani?" nikamuuliza.

"Majani iko mingi, yaya."

Nikampa. Mama, usimruhusu mtu akuambie kwamba nilidanganywa. Bustani yetu siku zote watu wawili walikuwa wakiimaliza kabla ya saa nne, na mimi niliwaona vijana wale, na niliona macho yao. Lakini nilikuwa na kanuni yangu mkononi, na kanuni ilisema ni zamu yake. Niliogopa, na niseme yote, ndani yangu kulikuwa na sauti ndogo inayosema: acha Mukendi aonje kidogo. Kidogo! Kana kwamba mapanga hutoka depo kwa kipimo.

Hawakugusa hata jani moja. Walianza upande wa robine ya maji, kwenye nyumba ya mwalimu mzee wa Kasai, wakavunja milango na kutupa magodoro nje, kisha wakafika kwa Mukendi. Kila nilipotazama niliona mipini ya kijani. Majembe tuliyonunua pamoja, Mukendi akiwa ndiye aliyeyabeba begani kutoka sokoni, yalikuwa yanapasua kabati lake. Alipotaka kumvuta mtoto wake wa mwisho atoke ndani, walimvunja mkono wa kulia. Niliusikia mfupa nikiwa ng'ambo ya bustani.

Mama Ngalula alisimama mlangoni na mchi wa kutwangia sombe. Hakuwa anapiga mtu, alikuwa ameuzuia mlango nao. Alimwona Kapenda akamwita kwa sauti ya siku zote.

"Kapenda, njo weye? Ambia benzako baache. Niko na batoto ndani."

Kapenda akampiga na jembe, hapa, kati ya shingo na bega. Siye mwenzake, siye mtu nisiyemjua. Ni mwanao uliyemnyonyesha baada yangu. Alimpiga mara mbili, na ya pili akiwa tayari ameanguka.

Sikumbuki nilivyovuka bustani. Najua nilikuwa na kipande cha mpini mkononi, nikampiga Kapenda mdomoni, akaanguka, nikampiga tena mgongoni na kichwani huku nikilia na kumtukana matusi ambayo Tata Katekista hatapenda kuyasoma. Nilitaka afe, mama. Walinivuta wenzake, na mimi nikala teke la ubavu ambalo mpaka leo likinishika siwezi kucheka. Ukimwona hana meno ya mbele, asikudanganye aliteleza mgodini. Ni mkono wangu.

Mama Ngalula alikata roho mchana huohuo, juu ya mkeka kwangu. Njia ya makaburi ilikuwa imefungwa na vijana. Tulikuwa wanne tu tuliobaki wa komite, na Mukendi, mkono wake umefungwa kwa kanga ya mke wangu, akasema tufanye mkutano. Nilidhani amerukwa na akili. Akasema kanuni inakataza kuchimba shimo refu bustanini kwa sababu ya bomba la maji, kwa hiyo lazima tupige kura. Akainua mkono wa kushoto. Sote tukainua. Akaniambia, "Andika, sekretere," na mimi nikaandika, nikalowesha ukurasa. Tukamchimbia kaburi kwa mikono yetu na kwa sufuria, maana majembe hayakuwa yetu tena.

Mukendi na watoto walikaa stesheni wiki nyingi wakingoja treni, juu ya vifurushi, mvua yote juu yao. Niliwapelekea unga mara tatu, mara ya nne treni ilikuwa imeondoka. Mtoto wake wa mwisho alikuwa anahara. Sijui kama alifika huko Kasai, ambako hajawahi kukanyaga hata siku moja.

Kapenda aliingia katika nyumba kabla damu haijaoshwa mlangoni. Hatusemezani.

Mimi nakuomba ubaki huko kwako Kasaji. Sikuombi unichague mimi, kwa maana funguo ilitoka mkononi mwangu na Mungu anajua. Lakini wewe ndiye mama wa Kapenda, na ukilala katika nyumba ile utakuwa umemwambia kwamba alifanya vema. Hakuna mwingine duniani anayeweza kumnyima neno hilo. Mimi nimemnyima meno tu.

Msalimie dada, na shemeji anayekukatia kuni. Mjomba mumwambie dawa yake ya kifua haipatikani huku, naendelea kuitafuta. Wajukuu zako wanakubusu. Na wewe Tata Katekista, asante, nenda kanywe maji.

Ukija hata hivyo, nitakupokea stesheni na nitakubebea mzigo, kwa sababu wewe ni mama yangu. Nitakufikisha mlangoni, sitaingia. Chumba alichokupakia rangi kina dirisha moja, na linatazama bustani. Asubuhi ukilifungua, aliyekuosha mwili atakuwa mbele yako, chini ya mndimu, hatua kumi. Ndipo Kapenda atakapokuletea chai.

Mwanao wa kwanza,
Muteba