Ile Picha ya Tatu

Mama,

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Ka. Ka. Halafu wa tatu, umechelewa: kaaa-cha. Ulikuwa umeinama pale mchangani Katonga, kando ya ziwa, unaanua dagaa kabla ya umande. Kamera ilipoisha kulia ukasema, "Hiyo ya tatu inasinzia kama baba yako." Mlio huo haujaniacha. Nausikia nikifunga mlango, nikikata vitunguu.

Sikuwahi kukueleza kwa nini inachelewa. Jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, nyie wa huku ufukweni mnabaki gizani, na kamera haiwezi kuona vyote kwa mara moja. Kwa hiyo ya kwanza napiga upesi, kwa ajili ya anga. Ya pili kwa ajili ya maji. Ya tatu naiacha kamera wazi kwa muda zaidi, iokote vilivyo kivulini. Kisha kompyuta inaziunganisha ziwe moja. Sharti kila kitu kitulie. Nawe ulitulia lini, Mama?

Tangu tukuzike nimeziunganisha mara nyingi mno. Milima inatoka, mawingu yanatoka. Wewe unatoka na mikono minne. Nikiiambia kompyuta iondoe vilivyosogea, inakufuta. Panabaki mchanga mtupu, mzuri. Na ndivyo walivyotaka wale wa nyumba ya wageni kule mlimani, wanaotafuta picha kubwa ya ukutani: ziwa na machweo, watu hapana.

Nikaona bora nipige upya. Kila jioni nikashuka Katonga, nikasimika stendi ya kamera palepale. Mama mdogo Zaina, ambaye sasa anaanika mahali pako, alinitazama siku kadhaa. Mwishowe akasema, "Mwanangu, jua umeshalipata. Sasa unatafuta nini?" Nilikasirika. Nikapima mwanga ovyo, nikarudi na picha nyeusi.

Jana nikaifungua ile ya tatu peke yake. Kwa mpiga picha wa mandhari, imeharibika. Anga limeungua, jeupe kama shuka. Milima ya Kongo haipo. Lakini wewe upo. Umenyanyua kichwa, na uso umetulia kabisa, hadi naona gamba la dagaa shavuni. Nimekaa nikiangalia hadi nikaelewa. Ulishaizoea milio yangu. Ulisikia ya kwanza, ukasikia ya pili, ukaacha kuanua.

Ulikuwa unaisubiri.

Lala salama, Mama. Jioni nitakuwa nikishuka kumsaidia Mama mdogo kuanua, na kamera nitaiacha nyumbani. Wale wa mlimani nimewaambia watafute mpiga picha mwingine. Zile zisizo na wewe nimezifuta zote. Ya tatu nimeisafisha kubwa, nimeitundika sebuleni juu ya kiti cha Baba. Ameitazama, kisha akaketi. Sasa hivi amesinzia chini yake.

Mwanao,
Neema