Mgeni Akija, Ongeza Unga

Mama,

Shikamoo. Ningeanza na habari kabla ya salamu ungenikatisha kama kawaida yako: "Kwani tumelala wote?" Basi nimesalimia. Sasa nisikilize, maana nina habari na nina lawama.

Habari ni kwamba utafiti wa dawa za Kabula umefungwa. Lawama ni kwamba uliondoka kabla ya kusikia jibu la swali lako. Swali uliuliza wewe, jibu nimepokea mimi, na hapa Mtendeni sina wa kumsimulia akacheka panapostahili.

Juzi nilichemsha mayai, nikamkuta mjukuu wako Kabula anachovya kidole kwenye chumvi. Nikacheka peke yangu. Unakumbuka Tura, ulipokuwa unauza mayai stesheni? Treni ya kutoka Kigoma ikisimama, unanunua chumvi ya Uvinza kwa wasafiri, unajisifu kwamba wazee wa baba yako waliibeba kichwani kwa njia hiyo hiyo kabla reli haijalazwa. Kabula alikuwa bado anatambaa, na safari yake ilikuwa moja tu: kwenye kijaluba chako cha chumvi. "Jamani, huyu mbuzi wa nani?" Unauliza huku unamwachia alambe. Watu wakanong'ona kwamba mtoto ana jambo. Mwanao akaenda machimboni, akapotelea huko. Wewe ukafunga mzigo wako ukaja kukaa na mimi hapa Mtendeni. Hilo silisahau, hata ninapokulaumu.

Daktari alipotueleza kwamba tezi zake zilizo juu ya figo hazitengenezi homoni, na ndiyo maana mwili unapoteza chumvi, ulinigonga bega: "Nilikwambia. Mbuzi wangu anajua anachokitafuta."

Kisha ukaja wembe. Kidonge cha mtu mzima, miligramu kumi. Yeye anatakiwa mbili na nusu. Mimi napima mchele wa kuuza kila siku, kwangu robo ni robo. Lakini kidonge kile ukikikata kinatoa robo nene, robo nyembamba, na unga unaobaki kwenye sahani. Ulikuwa unauokota kwa kidole kilicholowa, unampaka ulimini: "Hata huu ni wa mbuzi wangu." Leo nikiona wembe dukani nakukumbuka. Si kitu cha kumkumbukia mtu, lakini ndivyo ilivyo.

Dawa ya utafiti ilipokuja, chembechembe ndani ya kapsuli, zimeshapimwa kwa kiasi cha mtoto, unafungua unamwaga kwenye kijiko, nilidhani utafurahi. Ukanuna. "Mjukuu wangu si panya wa majaribio." Ukaja kwenye mkutano wa wazazi na kitenge chako cha kwaya, ukasimama mbele ya wote: "Daktari, mkishatoa damu zenu, mkafunga mabegi, huyu atameza nini?" Akasema hawezi kuahidi peke yake, atalipeleka kwa wenzake. Ulikaa hujaridhika, lakini ulikaa. Nikatia saini Kabula aingie.

Halafu ile homa. Mimi nipo Ziba kufuata mchele, Kabula akashikwa na malaria. Tulikuwa tumeambiwa wazi: akiwa na homa, kipimo cha dawa yake kinaongezwa, maana mwili unaoumwa unadai homoni zaidi na wake hauna pa kuzitoa. Wewe ukafanya tulivyolelewa wote huku: dawa ya malaria imeingia, nyingine isubiri, zisije zikagombana tumboni. Jioni mtoto akalegea, shingo haikai. Ukamfunga mgongoni ukapanda bodaboda, wewe uliyeapa hutaipanda mpaka unaingia kaburini. Sindano ya hospitali ikamrudisha.

Nilikasirika, Mama. Kipande cha hasira bado kipo, sikufichi. Ila kilichofuata hakuna aliyekutuma. Ulisimama tena mbele ya wazazi wenzetu: "Mimi ndiye bibi niliyemnyima mtoto dawa. Homa ni mgeni. Kwenu mgeni akija mnapunguza unga? Si mnaongeza? Basi ongezeni!" Wakacheka. Wewe hukucheka. Siku hizi hata manesi wanafundisha kwa maneno yako.

Jibu lako ndilo hili: watoto wote waliokuwa kwenye utafiti wataendelea kupewa zile chembechembe mpaka zianze kupatikana hospitalini. Nikauliza, "Na zisipoanza?" Daktari akatabasamu: "Naona bibi amekuachia urithi." Maneno matamu, lakini hajanijibu.

Wiki iliyopita Kabula aliamka mwili unachemka. Nikawa nahangaika kutafuta kipimajoto, nafungua droo hii, nafunga ile. Naye akaketi kitandani, macho mekundu: "Mama, mgeni amefika. Ongeza unga."

Droo nikaiacha wazi, Mama. Sauti ni yake, maneno ni yako. Nikafungua kapsuli mbili badala ya moja, kisha tukaenda kupima malaria. Jioni alikuwa anadai yai.

Pumzika sasa. Wembe nimeutupa. Swali lako nitaliuliza kila mkutano, na wakinichoka nitasimama na kitenge chako cha kwaya, kinanienea. Kile kijaluba sikukigawa pamoja na vitu vyako. Kipo mezani, kimejaa chumvi, na mbuzi wako anakijua kilipo.

Mkweo,
Mama Kabula