Uso Usiopakwa Liwa

Mjukuu wangu Salima,

Barua yako ya Marseille imefika Mahajanga. Sisi wazima, ila mamako bado analalamikia meno. Unauliza kama uache kushona nguo za waigizaji, ukubali kuigiza. Huyo bwana aliyekuita simwamini bado.

Tulipokuwa ndio kwanza tumepata uhuru, Wafaransa walikuja kisiwani Nosy Be kupiga picha za sinema. Kazi yangu ilikuwa kusaga liwa, ule mti wa manukato, na kumpaka usoni mwigizaji wao, afanane na wanawake wa kwetu. Siku moja akaugua. Mkubwa wao akaniambia, "Jipake, usimame wewe mahali pake." Wenzangu wakapiga vigelegele. Mimi nikashuku: chini ya liwa ile, nani angejua ni mimi? Badala ya kujipaka, nikanawa uso mbele yake, nikamwambia, "Nipige picha hivi."

Akakataa, nikarudi kwenye jiwe langu la kusagia.

Siku ya tatu akanifuata mwenyewe. "Njoo hivyo hivyo." Ndivyo nilivyoanza kuigiza, na hadi leo sijui kama alinipenda au alikosa mwingine.

Basi muulize huyo aliyekuita: anakutaka wewe, au mtu wa kuenewa na zile nguo ulizokwisha kushona? Akisitasita, shika sindano yako, umsubiri arudi.

Bibi yako,
Mariamu