Udongo Magotini mwa Baba

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu huko masomoni. Natumaini kile kifua kilichokusumbua kimepona, na kwamba chumba chako kipya hakivuji kama cha kwanza. Sisi huku ni wazima. Wifi yako anakusalimu sana, na sungura wako uliyetuachia, ambaye katika barua yako ulimuulizia kabla hata ya kuniulizia mimi, amenenepa.

Umetaka kujua kama bado anatafuna na kuchimba. Dada, mwezi wa kwanza alitutia adabu. Alikata waya wa taa ya mezani, akala pembe ya zulia, akaguguna miguu ya kochi hadi ikafanana na magunzi. Nikamfungia tunduni kutwa nzima, naye akahamia kwenye vyuma vya tundu, kerere kerere, mpaka nikavipaka pilipili. Hilo sijivunii.

Aliyenizuia ni baba, ambaye alikuwa amekuja kukaa nasi tangu mguu wake uanze kumsumbua. Aliniambia nimwache mnyama wa watu. Meno yake hayakomi kuota, asipotafuna yatamwumiza. Na aliyeumbwa kuchimba, akasema, ukimnyima ardhi atachimba zulia lako. Mtu aliyechimba visima miaka arobaini akisema hivyo, unajua anajitetea na yeye humo humo.

Akaingia kazini. Nyaya zote alizipitisha ndani ya mpira wa maji alioupasua kwa kisu. Kila asubuhi alileta nyasi kavu na vijiti visivyopigwa dawa, akaweka na maboksi matupu ya kuraruliwa. Uani akajaza udongo laini kwenye kreti kubwa la mbao, akawa anazika vipande vya karoti ili sungura avifukue. Siku kumi hazikuisha, kochi likapumua. Baba alisahau mguu wake, akapiga magoti kando ya kreti saa nzima, akimfundisha kama fundi na mwanafunzi wake: asianze ukingoni, ataangukiwa. Sijawahi kumwona na furaha vile tangu mama atutoke.

Sasa Dada, keti. Katika barua iliyopita nilikuambia baba amerudi kwake kwa kuwa alikumbuka nyumba yake. Nilikudanganya.

Jumamosi moja alasiri meneja wetu alikuja kunitembelea, mama asiyecheka ovyo. Nilijua anatafuta mtu wa kumfanya mkuu wa idara. Tena kuna jambo hulijui: kwa miaka mingi, pale ofisini, nimekuwa nikisema baba yetu ni mhandisi wa maji. Tumekaa, chai inamiminwa, baba akaingia kutoka uani, sungura kifuani, udongo magotini, uso umemng'aa. Alitaka tuje kuona: mnyama amechimba njia kutoka upande mmoja wa kreti hadi wa pili bila kuibomoa. Meneja akatabasamu, akauliza mzee ni nani.

Nikasema, "Huyu ni mzee anayetutunzia sungura."

Mke wangu alikuwa akimimina. Kikombe kilijaa, kikafurika, kikamwagikia sahani, naye hakuinua birika. Baba alinitazama kidogo tu, wala si kwa hasira. Kisha akainamisha kichwa, akamwambia meneja, "Karibu sana, mama," akarudi uani, akiuvuta mlango kwa kiwiko ili asiuchafue.

Hakulitaja neno hilo kamwe. Kesho yake alimwonyesha mke wangu jinsi ya kubadilisha udongo, akachukua mfuko wake, akaenda zake. Mke wangu alikaa siku nne bila kusema nami. Ya tano akasema neno moja: nimfuate.

Nilimkuta baba kwake, akipiga rangi dirisha. Nilipiga magoti, akaniambia niinuke, sakafu ni baridi. Alinipa kiti, akauliza kama sungura anapata vijiti vyake. Natamani angenitukana, Dada. Nilipomwomba radhi alisema yeye hakudanganywa, anajua mwanawe ni nani. Aliyedanganywa ni yule mama mgeni.

Basi Jumatatu niliingia kwa meneja, nikamwambia kwamba yule mzee ni baba yangu mzazi, si mhandisi, ni mchimba visima, na ada yangu ya shule ilitoka chini ya ardhi. Akaendelea kutia saini karatasi zake. Kisha akasema alijua tangu mzee alipotokea mlangoni. Tumefanana masikio, tumefanana hata kusimama. "Nimekusubiri wiki nzima uje useme," akaniambia. Cheo kile alishampa mwenzangu, na sina la kudai.

Baba hajakubali kurudi. Anasema amezoea mlango wake mwenyewe. Jumamosi humpelekea sungura ndani ya kikapu, nikakaa nao mpaka jua lipungue. Tunazungumza habari za sungura tu. Hapo ndipo tulipofika. Nakuomba usimbembeleze kwa ajili yangu. Mwandikie tu, umsikilize.

Nami ukinijibu, usipunguze maneno. Barua yako nitaisoma kwa sauti, mbele ya mke wangu.

Tunza kifua chako, na usome kwa bidii.

Ni mimi mdogo wako, mwenye aibu,
Kitinda mimba