Nyota Nilizozifuta

Toledo, Ijumaa asubuhi

Dada yangu Cordelia,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumaini goti lako limepata nafuu na theluji haijakuzibia mlango huko Marquette. Mimi mwili mzima, ila roho haijatulia tangu Jumanne.

Unajua shule yetu ya watoto wenye mahitaji maalumu ilivyo ndogo. Mwaka huu tumeandikisha arobaini kamili, na mkataba wetu unasema tukipungua hapo tunafungwa. Basi Mwalimu Mkuu Brubaker aliniomba mimi, karani wa usajili, niweke kwenye tovuti jedwali la idadi ya wanafunzi kwa asili, ulemavu na darasa, wazazi waone kwamba hatumkatai mtoto yeyote. Kanuni ni kwamba kundi lenye watoto chini ya kumi halitajwi idadi. Unaweka alama ya nyota, mtoto asitambulike. Kwetu karibu kila mstari ulikuwa nyota. Brubaker alicheka, akaniuliza kama ile ni orodha ya wanafunzi au mbingu.

Jumanne mwanamume alipiga simu. Kwa adabu kabisa aliuliza kama yule msichana wetu mmoja wa Kisamoa, asiyeona wala kusikia, yuko darasa la tatu. Nilimjibu kwamba hatuzungumzii watoto wa watu. Akacheka, akasema asante mama, sauti yako imeshaniambia.

Ni Dwight, baba wa msichana huyo, Lupe wetu. Sina, mama wa mtoto, alimkimbia kutoka Oregon akiwa amevunjwa mbavu mbili, na mahakama ilimkataza mwanamume huyo asiwasogelee. Jana gari la bluu lilisimama ng'ambo ya lango letu tangu asubuhi. Watoto tuliwatoa kwa mlango wa jikoni. Polisi walipofika lilikuwa limeondoka, wakatuambia tuwaite likirudi. Likirudi! Dada, sasa hata simu ikilia nashtuka.

Sina anaamini shangazi yake ndiye aliyeropoka, na ameapa hatasema naye tena maisha. Si shangazi. Ni mimi. Niliona jedwali lile linatutia aibu, nikafuta nyota, nikaandika idadi zenyewe. Mmoja. Mmoja. Mmoja. Jumanne ileile nilirudisha nyota kimya kimya, na sijamwambia mtu.

Bahasha nimeifunga vizuri isisomwe njiani, kwa sababu aliyekukabidhi ni Sina mwenyewe, na huyo aliyemshika koti ni Lupe. Waingize ndani kwanza. Wakishakula, msomee Sina yote niliyoandika, apate kumpigia shangazi yake. Mimi nilishindwa kumtazama usoni.

Lupe usimshike ghafla. Mpe mkono wako aupapase, atakujua.

Brubaker hajui wanakokwenda. Hakuuliza. Alisema tu niwafute kwenye daftari, nasi tumebaki thelathini na tisa.

Wasalimie majirani, lakini kwa mbali. Na mtu yeyote akikuuliza mko wangapi humo ndani, mwambie uko peke yako.

Mdogo wako akupendaye,
Loretta