Makoti ya Wazoefu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Natumai maumivu ya magoti yamekupungua, na shemeji anaendelea kukoroma salama. Sisi wazima, ila mimi nimevimba kwa hasira. Safari hii si kitambi.

Unajua kazi yangu ni kupanga maboksi ya samaki kwenye chumba cha barafu. Humo pumzi hugeuka moshi na kope hugandana. Tumejifunza kutosimama tuli, kuficha mikono makwapani, na kula kama wanaonyonyesha mapacha. Mwezi uliopita msimamizi alitugawa makundi mawili, wageni na wazoefu, akaniita mimi mzoefu namba moja. Nilitabasamu hadi gego la mwisho likaonekana.

Kumbe! Jumatatu tulinyang'anywa makoti mazito na glavu, wakapewa wageni. Msimamizi alisema mwili wa mzoefu umeshaijua baridi, hata kutetemeka hautetemeki, koti la nini? Mwenzangu tunayemwita Kipaza Sauti akamuuliza kama na yeye, maadamu ameizoea ofisi, yuko tayari kutoa kiti. Tulicheka, lakini makoti hayakurudi.

Dada, huu si ufedhuli? Mwili wa mtu unahangaika ubaki hai, yeye anaona pa kubania matumizi!

Sasa niseme ninalolizunguka. Juzi jikoni niliegemeza mkono kwenye jiko huku nikimtania wifi yako. Yeye ndiye aliyesikia harufu ya kuungua. Mimi sikuhisi kitu. Daktari amenieleza kwamba baridi ikizidi, mwili huiita damu irudi kifuani kulinda moyo, vidole vikaachwa vijitegemee. Vingi vitapona, kasema, nikikaa mbali na barafu. Viwili hana uhakika navyo.

Leo asubuhi nimefika kazini na bandeji yangu, nikaketi mlangoni pa chumba. Msimamizi akasema uzee umeniletea uvivu. Nikamjibu kwamba hapana, nimeanza kuzoea joto. Kipaza Sauti akaketi kando yangu, wakafuata wazoefu wote. Kisha mgeni mmoja akavua koti lake, akalitandika sakafuni, akaketi nasi.

Kesho tunaitwa kwa meneja. Huenda nikarudi bila kazi, lakini humo ndani siingii tena hivi hivi.

Wabusu wapwa zangu wadogo. Mama akiuliza habari zangu, vidole usivitaje. Mwambie tu kwamba nimeketi, na siko peke yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Kitambi