Katoni ya Nyuso za Watu Wetu

Njiru, Nairobi
Jumapili ya pili ya Agosti, baada ya ibada
Mwaka wa thelathini na mbili tangu nitoke nyumbani

Mdogo wangu Respa,

Hujambo? Goti la kushoto linakuruhusu kupanda kilima baridi hii? Na yule ng'ombe mweupe uliyesema amechelewa kuzaa, amezaa? Mimi ni mzima. Nalala, naamka, napika ugali wa mtu mmoja. Nikiulizwa hali husema njema, na wapangaji wa ploti hii hawaulizi mara mbili.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu uliniambia kwenye simu kwamba hutafungua tena kitu chochote chenye jina langu kinachokuja kwa mashine. Hukukosea. Barua hii pamoja na katoni vinaletwa na Pasta Shadrack wa kanisa letu, ambaye anakuja huko kumzika shangazi yake. Mpe chai, ni mzigo mzito aliokubali.

Nimesikia yanayosemwa sokoni. Kwamba umeuza nyuso za marehemu wa watu kwa ndugu yako wa Nairobi. Kwamba duka lako la kuchapa vijitabu vya mazishi lifungwe. Nimesikia pia kwamba wazee wa kanisa wamekupa hadi Jumapili ijayo usimame mbele ya watu ueleze, na kwamba unataka nije nisimame nawe. Hilo nitalijibu mwishoni. Kwanza nieleze kilichotokea, maana kwenye simu tulikuwa tunakatizana.

Ilikuwa Alhamisi. Nilifungua ile kompyuta aliyoniachia binti yangu Nekesa alipohamishwa kikazi Mombasa, nikitaka kusahihisha wasifu wa marehemu mzee Barasa uliokuwa umenitumia. Nikakuta barua pepe ngeni juu ya yako. Ilikuwa na rangi na alama ya watengenezaji wa mashine. Ilisema mlango wa kompyuta yangu uko wazi, wezi wanauona, na nisipoweka sasisho hilo kabla ya saa sita mchana nitapoteza kila kitu. Ilisema pia kwamba mlinzi wa mashine huenda akalalamika kwa kuwa bado halijui sasisho jipya, basi nimzime kwa muda.

Niliisoma polepole, kama nisomavyo kila kitu. Lugha ilikuwa safi. Nikaibonyeza. Mlinzi akalalamika, nikamzima kama nilivyoagizwa. Mstari wa kijani ukajaa taratibu, ukatoweka. Hakuna kilichobadilika. Nikasahihisha aya mbili za mzee Barasa, nikakutumia, nikaenda kununua mkaa.

Nilichokuwa sijui ni kwamba barua ileile ilitoka nyuma yangu kwenda kwa kila mtu niliyewahi kumwandikia. Na mtu niliyemwandikia zaidi katika dunia hii ni wewe. Ilikufikia ikiwa na jina langu na anwani yangu ya kweli, imekaa juu ya wasifu wa mzee Barasa. Ukafikiri, kaka anasema nisasishe mashine kwanza ndipo faili lake lifunguke. Ukafanya hivyo.

Nimefikiri sana kwa nini hukusita, na jibu ninalo. Watu wa kazi yetu tumezoea haraka. Jeneza linatoka mochari asubuhi, vijitabu vya mazishi vinatakiwa kabla ya magari kufika, na miaka yote hii umekuwa ukifungua kitu changu kabla hujavua hata leso ya kichwani. Mwizi hakuijua kazi yetu. Yeye husema haraka kwa kila mtu. Kwetu sisi neno hilo lilimkuta mwenyeji wake.

Kisha ukapiga simu. Nakumbuka kila neno.

"Kaka, umenitumia nini?"

"Wasifu wa mzee Barasa. Nimegusa aya mbili tu."

"Si huo. Hii nyingine. Umesema nisasishe, nimesasisha. Sasa kila picha nikiigusa inanitolea maandishi mekundu."

"Sikukuambia usasishe chochote, Respa."

"Jina ni lako! Anwani ni yako! Maiti iko njiani, watu wamejaa hapa dukani, halafu unaniambia si wewe?"

Nyuma yako mama mmoja akapaza sauti: "Mwambie arudishe uso wa mume wangu!" Na mwingine akamjibu: "Uso wa mumeo ulikuwa Nairobi hata alipokuwa hai." Wakacheka. Wewe hukucheka. Ulikata simu, na mzee Barasa akazikwa bila kijitabu.

Jumamosi nilibeba mashine yangu hadi Huruma, kwa fundi anayeitwa Achieng', mwenye kibanda kati ya bucha na duka la viatu vya mitumba. Nilipoiweka mezani hakuifungua hata kidogo. Alinitazama usoni.

"Sasa mzee. Umeniletea mgonjwa ama maiti?"

"Sijui."

"Ilikuwa ile email ya update? Ukabonyeza?"

"Nilibonyeza."

"Na ukazima antivirus?"

"Iliniambia nizime."

"Haki, mzee wangu! Mwizi akikupigia hodi akwambie funga mbwa kwanza ndio aingie poa, utafunga?"

"Nilifunga."

Akacheka, kisha akaacha. "Usiskie vibaya, buda. Hata mimi nilishapigwa hivyo. Nilikuwa nangoja update ya mashine ya mteja, na siku hiyohiyo ikaingia moja fiti kabisa. Nikasema huyu ni Mungu. Kumbe wapi."

Nikamuuliza kuhusu picha za dada yangu. Akanieleza bila kuzunguka. Faili zimefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake anao mwizi peke yake. Yale maandishi mekundu yanadai malipo. "Usilipe, na umwambie siz yako asilipe. Utatoa pesa na faili zibaki hivyo. Mwizi hana risiti."

Kwa hiyo ni hivyo. Picha zote ulizozikuza kutoka vitambulisho vilivyochakaa, za watu ambao hawakuwahi kupigwa nyingine maishani, hazitafunguka. Nilidhani nikiandika sentensi hii mkono wangu ungesita. Haukusita.

Nikamwomba Achieng' anifundishe, nikakaa pale hadi akafunga kibanda. Somo lake naliandika hapa kwa ajili yako, na ukitaka wasomee watu kanisani, maana siku hizi hata mwalimu wa chekechea ana barua pepe.

Unamkumbuka baba mdogo Wekesa alipotumwa kutuletea habari ya kifo cha babu? Tulimwona tangu kwenye mto. Hakuita. Aliingia, akakaa, akaomba maji, akanywa. Akauliza mahindi yanaendeleaje. Baba alikuwa ameshajua, nasi tulikuwa tumeshajua, lakini Wekesa alingoja hadi kila mtu ameketi. Jioni nilimuuliza mama kwa nini alichelewesha. Mama akasema mwenye habari ya kweli hana sababu ya kukusukuma, kwa kuwa habari yake itakuwa kweli hata kesho. Anayepiga kelele langoni kwamba toka mbio, acha kila kitu, huyo mwangalie vizuri. Usiku ule wa ghasia tulipochomewa boma, waliotuchomea pia walipiga kelele langoni.

Basi sasisho la kweli ni kama Wekesa. Liko ndani ya mashine yenyewe, limekaa, linangoja. Halikuandikii barua. Ukitaka kujua kama lipo, wewe ndiye unayekwenda kulitafuta kwenye mipangilio ya kompyuta, na usipolikuta, hakuna sasisho. Hilo tu lingetosha kutuokoa sote wawili.

Ikija barua inayosema vinginevyo, usisome jina, soma anwani iliyo chini ya jina. Ile ya kwangu, Achieng' aliponionyesha, ilitoka kwenye anwani ya herufi na tarakimu zilizochanganywa ovyo, na hakuna kampuni kubwa inayoishi mahali kama hapo. Ukiona neno la kubonyeza, weka mshale juu yake bila kubonyeza, nayo mashine itakuonyesha kwenye kona linakokupeleka. Faili lililoambatishwa na kuitwa sasisho usiliguse. Na atakayekuambia umzime mlinzi, huyo ameshajitambulisha.

Lakini lililokupata wewe ni gumu zaidi, kwa kuwa anwani ilikuwa yangu kweli. Hapo hakuna dalili ya kutazama. Dawa ni simu. "Kaka, umenituma nisasishe?" Ungeuliza hivyo ningesema hapana. Kwa hiyo usilie kwamba ulikuwa mjinga. Uliamini mkono wa ndugu yako, na mkono huo ulikuwa umeshikwa na mtu mwingine.

Hayo ndiyo ya kusoma kanisani. Waambie pia kwamba hukuuza uso wa mtu, na kwamba mlango uliingiliwa kwangu, si kwako. Nimeweka sahihi chini ya barua hii. Pasta Shadrack ni mtu wa maneno machache lakini anaaminika, naye alikuwepo nilipokuwa nafunga katoni. Atasimama nawe.

Sasa fungua katoni.

Mama alipokuwa akigawa nyama ya matanga alimwekea fungu asiyekuwepo, hata kama asiyekuwepo alikuwa mbali na nyama ingeoza. Wewe ulirithi tabia hiyo. Kila ulipochapa vijitabu vya mazishi ulitenga kimoja kwa ajili yangu, ukanitumia kwa yeyote anayekuja Nairobi. Mwanzoni nilivisoma kutafuta makosa. Baadaye nilivipanga tu kwenye katoni ya sabuni chini ya kitanda, na kila nilipohama, kutoka Mathare hadi Huruma, kutoka Huruma hadi hapa Njiru, nilihama navyo. Sikuwa nimevifungua kwa miaka mingi. Wiki hii nimevitoa vyote, nikavifuta vumbi kwa kitambaa kikavu.

Vimo karibu vyote. Vichache vimelowa pembeni kwa ile mvua iliyoingia chumbani kule Huruma, lakini nyuso ni nzima. Mume wa yule mama aliyepaza sauti yumo. Mwalimu wetu wa darasa la nne yumo, na kofia yake. Baba mdogo Wekesa yumo. Mama yumo, kwenye kile kijitabu ambacho wasifu wake niliuandika mimi na kuzikwa kwake sikukuona. Kwenye ukurasa wa pili nilijiandika mwenyewe: mtoto wa kwanza, aishiye Nairobi. Mzee Barasa tu ndiye hayumo. Waombe wanawe kitambulisho chake, uanze naye.

Laza kurasa hizo kwenye skana moja moja, uzipige picha upya. Zitakuwa na chembechembe, lakini mtu atamjua mtu wake. Ukimaliza, ziweke kwenye diski ya pembeni, uichomoe kwenye mashine, uifungie kabatini. Kila jioni ya Jumamosi ichomeke, ongeza mapya, uichomoe tena. Kitu ambacho hakijachomekwa mwizi hakifikii. Hilo nalo ni la Achieng'. Nilitaka kumlipa kwa somo akakataa, akasema nikirudi na mashine nyingine iliyokufa atanitoza mara mbili.

Kijitabu kimoja nimekitoa. Ni cha mke wangu. Hicho hukukichapa wewe, nilikipiga taipu mwenyewe, karatasi moja iliyokunjwa, mwaka uliofuata baada ya moto. Unajua kwamba kwetu mke huzikwa kwenye boma la mumewe. Boma lilikuwa jivu na wewe mwenyewe ulikuwa unalala darasani na watoto. Nilimzika hapa, kwenye makaburi ya jiji, kati ya watu wasiomjua. Wazee wa ukoo walisema nitamrudisha mambo yakitulia. Yalitulia. Wewe ukarudi ukasimamisha nyumba palepale, ukapanda migomba, ukaniwekea kiwanja upande wa mto. Kila mwaka uliniuliza nikakujibu mwaka ujao, na kila mara nilikuwa nasema kweli.

Uliponipigia tena juzi ukasema njoo usimame nami, kisha usirudi tena huko, ujenge, nilikaa nikingoja nihisi kitu. Nilitazama dirishani. Watu walikuwa wanaanika nguo. Nikaona kwamba katika miaka hii yote nilichokuwa nikitunza kwa ajili ya kurudi ni katoni hii, na sasa wewe unaihitaji kuliko mimi.

Kiwanja cha mto kipe Ayub, mwanao wa mwisho, ajenge kabla ya mvua. Mwambie mjomba wake amesema. Nisalimie shemeji yangu, mke wa marehemu ndugu yetu Musa, umwambie sukuma wiki aliyonitumia ilifika ikiwa bado imesimama. Msalimu na yule mama wa dukani. Mpe wa kwake kwanza, kabla hajaomba.

Wote wanarudi nyumbani na Pasta Shadrack. Mimi sitarudi.

Ni mimi kaka yako,
Zakaria